Jiwe la Mghoi Lililokwenda Amerika

Kaka yangu Obadiah ni mwalimu wa historia asiye na darasa. Ana digrii, ana nambari ya usajili, na ana suti moja ya bluu niliyomshonea mimi mwenyewe kwa ajili ya mahojiano ya kazi. Kwenye mahojiano ameivaa mara sita na kurudi nayo nyumbani mara sita. Mimi ni Pauline, mdogo wake, fundi cherehani hapa sokoni Voi. Naandika habari hizi kwa sababu yeye hawezi kuziandika, na kwa sababu bado nina hasira naye. Si hasira ya kumchukia. Ni ile ya kutaka kumshika kola na kumtikisa mpaka akili irudi mahali pake.

Majirani zake kule mtaa wa Sofia, hapa hapa Voi, husema anafanya kazi ya kompyuta. Kazi yenyewe ni kuwaandikia wanafunzi wa Amerika kazi zao za shule. Mtoto wa huko akipewa insha anaituma mtandaoni, kaka yangu anaiandika, mtoto anatia jina lake na kumpelekea mwalimu. Vijana wengi wenye digrii wanaishi kwa kazi hii, na ukiwauliza watakwambia wao ni waandishi. Mimi nilimwambia Obadiah tangu mwanzo kwamba huko ni kumfanyia mtu mtihani. Akacheka.

"Pauline, wewe ukishona dress, yule anaivaa huwa anatangaza ni nani ameshona?"

Nikarudi kwenye cherehani yangu. Ningelipata jibu siku ile, labda nisingekuwa naandika haya.

Mwaka juzi, mwezi wa Juni, alipata mteja aitwaye Austin, mvulana wa jimbo la Virginia. Jina lilituchekesha, maana tuna binamu Mwatate anayeitwa Austin, naye hajawahi kuvuka Mariakani. Shule za kina Austin wa Virginia zilikuwa zimefungwa kwa kiangazi, miezi karibu mitatu, na zikifunguliwa angeingia darasa la historia ya Amerika. Mwalimu wa darasa hilo alikuwa mkali. Hakutaka mtu aje mikono mitupu, kwa hiyo aliwapa kazi ya likizo: wasome vitabu viwili, wajibu maswali ya kila sura, kisha wamhoji mzee wa ukoo wao aliyewahi kuhamishwa kwao, waandike kurasa tano. Austin alitaka kuogelea. Kazi yote ikaja Voi.

Sijawahi kumwona kaka yangu na furaha namna ile. Kule ni kiangazi, huku kwetu ni Julai, upepo unapuliza vumbi jekundu mpaka ndani ya uzi wa cherehani, na Obadiah amejifungia chumbani anasoma vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe. Alibandika makaratasi ukutani, miaka upande mmoja, matukio upande wa pili. Saa nne asubuhi alikuwa anakuja kibandani kwangu na chupa ya chai, anakaa juu ya marobota ya vitambaa, ananifundisha. Nilijua habari za watumwa wa pamba na reli ya kwenda magharibi kabla sijajua reli yetu ilijengwa mwaka gani. Ananieleza, halafu ananiuliza maswali, nikikosea anatikisa kichwa kama mwalimu wa kweli.

Siku moja wasichana watatu walikuwa wanangojea sketi zao za shule, nao wakasikiliza mpaka wakasahau sketi. Mmoja akamuuliza, "Mwalimu, wewe unafundisha shule gani?" Obadiah akajifanya anatafuta kifuniko cha chupa. Niliumia kwa ajili yake, nasema kweli.

Mwishoni mwa kitabu cha pili alikuta aya chache kuhusu watu wa milimani kule Virginia, waliohamishwa miaka ya thelathini ili serikali yao ifanye hifadhi ya taifa. Alikuja mbio mpaka kibandani.

"Pauline, hawa ni sisi! Mlima, serikali, kufukuzwa. Ni sisi kabisa, tofauti ni rangi tu."

Kwa hiyo alitaka insha ya Austin iwe juu ya watu hao. Tatizo ni kwamba Austin hakuwa na mzee wa namna hiyo. Bibi yake alikuwa akiuza nyumba mjini, na hakuna aliyewahi kumhamisha popote. Kijana akaandika jibu la mstari mmoja: buni chochote. Lakini Obadiah hakutaka kubuni, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi, kwamba alianza kwa kutaka ukweli.

"Twende Kasigau," akaniambia. "Twende kwa nyanya."

Nyanya yetu, mzaa baba, anaitwa Wakesho, na anakaribia miaka tisini. Anaishi Rukanga, chini ya mlima wa Kasigau, na anaishi kwa ugomvi. Tulipofika alikuwa anagombana na ndovu ambao hawakuwepo. Walikuwa wamepita siku mbili kabla, wakamaliza nusu ya shamba la mahindi, na yeye alikuwa bado anawatukana mmoja mmoja huku akipukuchua yale yaliyobaki. Alipomwona Obadiah uso ukafunguka. Obadiah amerithi jina la babu, kwa hiyo tangu azaliwe nyanya humwita mume wangu. Akija mikono mitupu anamtishia talaka. Akija na sukari anatuonyesha sisi wengine jinsi mume wake anavyompenda.

"Mume wangu, umekonda," alisema. "Hao wanawake wa Voi hawajui kupika?"

Tukaketi jikoni. Obadiah akatoa daftari, akaweka simu juu ya kigoda ili inase sauti, akamwomba amsimulie jinsi watu wa Kasigau walivyohamishwa.

"Unaandika ya nini?" nyanya akauliza.

"Ni ya historia, nyanya. Historia ya watu waliotolewa kwao."

Haikuwa uongo. Haikuwa kweli pia. Mimi nilikuwepo, nilijua, na niliendelea kupukuchua mahindi.

Nyanya aliweka ungo chini, akanawa mikono, akafunga leso upya kichwani. Ungedhani anaingia kanisani. "Nimengoja mtu aniulize hiyo," alisema. "Mama yangu hana kaburi yenye jina. Hana kipande cha mkoloni, hana karatasi ya ubatizo. Nikifa mimi, yeye ameisha. Nataka jina yake iandikwe mahali, hata mahali pamoja tu. Anaitwa Mghoi. Andika nione."

Obadiah akaandika MGHOI kwa herufi kubwa, akamwonyesha. Nyanya hajui kusoma, lakini aliyatazama yale maandishi kwa muda mrefu.

Kisha akasimulia. Wakati wa vita vya kwanza vya Wazungu, Wajerumani waliuteka mlima, na Waingereza wakasema watu wa Kasigau ndio waliowaonyesha njia. Wakaja askari, wakawatoa watu wote, wapelekwe pwani ya mbali, upande wa Malindi. Kila mtu abebe anachoweza. Mghoi alikuwa bibi arusi wa mwaka mmoja. Wengine walishika mbuzi, wengine vyungu. Yeye aliinama jikoni kwake akang'oa figa moja, jiwe moja kati ya yale matatu ya kupikia, akaliweka kichwani. Mumewe alimcheka. Akamwambia, "Mawili yamebaki yananingoja. Jiko haliwezi kunisahau kama tumegawana."

Huko pwani watu walikufa kwa homa na njaa. Mghoi alizika watoto wawili huko, Mwandawiro na Mkamburi. Mwandawiro alikuwa ameanza kutembea. Mkamburi hakufika hata kucheka. Nyanya alipotaja majina hayo alingoja Obadiah ayaandike kabla ya kuendelea. Walihamishwa tena na tena, na waliporuhusiwa kurudi mlimani ilikuwa imepita miaka ishirini. Mghoi alirudi mtu mzima, nyanya yetu akiwa mtoto mchanga mgongoni, jiwe kichwani. Nyumba haikuwepo, nyasi zilimfika kiunoni. Akavua viatu vya matairi, akapapasa kwa miguu, mpaka akayakanyaga yale mawili.

"Ndiyo hiyo," nyanya akasema, akanyoosha kidole.

Tulikuwa tumepikiwa chai juu ya mawe hayo tangu tuzaliwe. Mawili ni ya kijivu, yameliwa na moto. La tatu ni jeusi na laini, limepata ulaini kwa kubebwa. Katika nyumba ya nyanya kuna sheria moja isiyo na mjadala: jiwe lile halitoki jikoni. Baba alipomjengea jiko jipya, ukuta ulijengwa kuyazunguka mawe.

Basi. Obadiah alirudi Voi akaandika kurasa tano kwa siku mbili, kwa Kiingereza kizuri ambacho sitakifikia kamwe. Mghoi akawa Martha, mama wa bibi yake Austin. Kasigau ikawa mlima wa Virginia. Askari wakawa maofisa wa hifadhi. Jiwe likabaki jiwe.

Mwezi wa kumi alikuja kibandani amebeba simu kama mtu aliyebeba yai. Ilikuwa picha ya Austin, meno yote nje, ameshika cheti. Insha yake ilikuwa imeshinda tuzo ya historia katika kaunti yao na kuwekwa kwenye tovuti ya shule, mtu yeyote aisome. Obadiah aliisoma yote kwa sauti, akinitafsiria, na machozi yalimlengalenga. Mimi nilifurahi. Nilinunua soda mbili baridi tukanywa. Nilijisemea, huyu ndiye kaka yangu, angalia, wamempa namba moja Amerika. Sikufikiri hata kidogo kuhusu nyanya, na aibu hiyo siwezi kumsukumia yeye.

Mwaka jana, Juni tena, kamati ilifika Kasigau. Ilikuwa kamati ya wazee pamoja na mawakili wachache wa kujitolea, wakikusanya ushahidi wa familia zilizohamishwa wakati ule, ili wadai ardhi ya mababu. Karani wao alikuwa Fridah, mwanasheria kijana kutoka Njukini, upande wa Taveta, msichana mwepesi wa miguu, mpole, aliyepita nyumba hadi nyumba na raba zake zimejaa vumbi. Alipofika kwa nyanya kuandika maelezo, nyanya alimkatiza.

"Yangu ilishaandikwa. Mume wangu aliandika yote, mwaka jana. Muulize."

Fridah akampigia Obadiah simu. Vizuri sana, akasema, yatie kwa Kiingereza, nyanya aweke kidole gumba, yanifikie Ijumaa.

Sasa sikiliza alichofanya mtu mwenye digrii. Wiki ile alikuwa na Wamarekani watatu kwa mpigo, wote wanajiandaa kwa darasa lile lile la historia, maana Austin alikuwa amewaambia marafiki zake. Daftari lilikuwa chini ya kitanda. Sauti ya nyanya ilikuwa kwenye simu ya zamani iliyokufa kioo. Lakini insha ya Austin ilikuwa pale pale kwenye kompyuta. Akaifungua. Akamtoa Martha, akamtia Mghoi. Akaitoa Virginia, akaitia Kasigau. Akawatoa maofisa, akawarudisha askari. Kwa saa moja kazi ikaisha. Kila insha anayowauzia Wamarekani huipitisha kwanza kwenye programu ya kukagua maandishi ya kunakili, hata kama ameiandika kwa jasho lake. Hii hakuipitisha. Aliniambia baadaye kwamba haikumjia akilini, kwa kuwa ilikuwa ya kwetu.

Akaipeleka Rukanga kwa basi la asubuhi. Nyanya akaomba asomewe.

"Ni ile ile, nyanya," akamwambia, maana basi lilikuwa linarudi.

Nyanya akaweka kidole gumba.

Kikao kilifanyika katika darasa moja la shule ya msingi, watu wamejaa mpaka madirishani. Obadiah alivaa suti yake. Alikuwa na sababu: mwenyekiti wa kamati alikuwa pia kwenye bodi ya shule moja ya sekondari, na alikuwa amemwahidi darasa la muda kuanzia Septemba, historia, kidato cha pili. Halikuwa la serikali, lakini lilikuwa darasa. Nilimpigia suti ile pasi mwenyewe, na njia nzima nilikuwa namtania kwamba mara ya saba ndiyo ya bahati.

Fridah alisoma maelezo ya kila familia, akiyaeleza kwa Kiswahili. Alipofika kwa nyanya, nyanya alikaa wima. Jina la Mghoi lilipotajwa mbele ya watu wote nilimwona akifumba macho. Yalisomwa mpaka mwisho. Kisha akainua mkono.

"Na watoto?"

"Watoto gani, nyanya?" Fridah akauliza.

"Mwandawiro na Mkamburi. Mama yangu aliwazika huko. Mbona hawako?"

Fridah akapekua karatasi mbele na nyuma. Nikamgeukia Obadiah. Alikuwa anatazama viatu vyake.

"Nyanya, pole, hapa hawako," Fridah akasema. "Na kuna jambo lingine. Ningetaka tuongee kando, lakini mwenyekiti ameamua isemwe hapa." Akatoa karatasi nyingine. Kila maelezo hukaguliwa kabla ya kupelekwa mbele, alieleza, kwa sababu mawakili wa upande wa pili, wale wanaopinga madai hayo, watatafuta kosa lolote. Haya ya nyanya yalikuwa yameonekana, karibu neno kwa neno, kwenye tovuti ya shule moja ya Amerika. Jiwe, mawili yaliyobaki, mume aliyecheka, yote. Yamechapwa tangu mwaka uliopita, kwa jina la mtoto wa huko.

Darasa lilivuma. Mwenyekiti akasema kwa sauti kubwa kwamba karatasi moja ya uongo itachafua faili la kijiji kizima. Mtu mmoja dirishani akasema kumbe hata jiwe lenyewe limetolewa kwa Wazungu. Nyanya hakufuata maneno yote. Alinivuta mkono.

"Wanasema nini?"

Nikamwambia kwa Kidawida, lugha yetu. Wanasema hadithi si yako.

Nilimngoja kaka yangu asimame. Nilihesabu pumzi zangu nikimngoja. Alikuwa na suti, alikuwa na Kiingereza, alikuwa na ukweli wote mfukoni, na mwenyekiti wa bodi ameketi hatua nne mbele yake. Hakusimama. Wakatuambia tutapewa nafasi ya kujieleza siku ya tatu, na wakaendelea na familia inayofuata. Siku ile nilimwonea haya kaka yangu kuliko nilivyowahi kumwonea mtu yeyote.

Tulirudi nyumbani. Nyanya aliingia jikoni, akakaa kwenye kigoda chake, akangoja. Obadiah alisimama mlangoni na suti yake, kisha akapiga magoti kwenye jivu, akasema yote: Austin, darasa la kule, kurasa tano, tuzo. Nyanya alimsikiliza bila kumkatiza, jambo ambalo halijawahi kutokea.

"Mama yangu ulimwita nani huko?" akauliza mwishowe.

"Martha."

"Sema tena."

"Martha, nyanya."

Aliligeuza jina lile mdomoni, haliingii vizuri. "Na watoto? Uliwapa majina gani?"

Obadiah alilia kabla ya kujibu. "Sikuwaweka. Zilitakiwa kurasa tano tu, nyanya. Maneno yalikuwa yamezidi."

Nilidhani atampiga. Ningefurahi kama angempiga. Nyanya alichukua kijiti, akasukuma kaa moja ndani ya moto, akasema, "Siku ya tatu utabeba jiwe."

Katikati hapo Obadiah alimwandikia Austin. Alimsihi aandike mistari miwili tu, aseme habari hizo alizipata Kenya. Jibu lilikuja siku hiyo hiyo: sikujui, usinitafute tena. Siku ya pili akaunti yake ya kazi mtandaoni ikafungwa, na wale Wamarekani watatu wakapotea nayo. Nilitaka kumlaani yule mtoto lakini nilishindwa. Alikuwa anaomba kuingia chuo kikuu, na aliogopa. Kwetu pia kuna mtu mzima aliyeogopa.

Siku ya tatu asubuhi nyanya alisimama juu ya Obadiah akamwangalia aking'oa lile jiwe. Lilitoka na udongo mweusi wa miaka mingi, likaacha shimo. Obadiah alitaka kuvingirisha sweta alifanye kata ya kubebea jiwe kichwani. Nyanya akamkataza. Tukatembea, nyanya mbele ameshika bega langu, Obadiah nyuma na jiwe kichwani, kilomita nne za barabara ya mawe. Watu walitoka nje kutazama. Hakuna aliyecheka. Tulipofika, jasho na masizi vilikuwa vimemchora uso mzima, na kola ya shati jeupe ilikuwa nyeusi.

Aliweka jiwe kwenye dawati, akasimama, akasema. Safari hii hakuficha kitu. Alisema, mimi Obadiah niliuza habari za nyanya yangu kwa mwanafunzi wa Amerika, nikabadilisha majina, halafu nikaileta kwenu ile niliyouza badala ya ile niliyopewa. Nyanya yangu hakunakili kwa mtu. Mimi ndiye mwizi. Mwenyekiti akafunga kalamu yake. Lile darasa la Septemba liliishia hapo, na sote tulijua.

Kisha ikawa zamu ya nyanya. Alitaka kusema kwa Kidawida, na Fridah ni Mtaveta, hakielewi vizuri. Obadiah akainuka atafsiri.

"Si wewe," nyanya akasema. "Pauline."

Nikatafsiri mimi, fundi cherehani wa kidato cha nne. Nilisema kila neno, sikupunguza, sikupamba. Nilisema Mwandawiro alikuwa ameanza kutembea. Nilisema Mkamburi hakufika hata kucheka. Fridah aliandika yote kwa mkono wake.

Alipomaliza akauliza polepole, akiogopa swali lake mwenyewe. "Nyanya, samahani. Wale wa upande wa pili wataniuliza. Tutajuaje jiwe hili ndilo lile?"

Nyanya alimtazama bila hasira. "Kabla ya ile karatasi, ungenipokea neno langu," alisema. "Sasa unataka jiwe iongee."

Fridah alishusha macho. Alikuwa mkweli, hakutudanganya. Alisema ushahidi umeingia kwenye faili, lakini itabidi aandike pembeni kwamba unafanana na maandishi yaliyochapwa kwingine, na mawakili wakubwa ndio watakaoamua kama utabaki au utatolewa. Mpaka ninapoandika hapa hawajaamua. Faili limekwenda Nairobi. Jina la Mghoi limo ndani yake, na pembeni yake kuna alama ya kuuliza.

Tulirudi jioni jua likiwa bado juu ya ranchi zinazopakana na kijiji. Obadiah alibeba jiwe tena, na safari hii shingo ilikuwa imekakamaa, lakini hakuomba kupumzika. Alipofika nyumbani akainama kwenye mlango wa jikoni aingie nalo, alirudishe kwenye shimo lake. Alikuwa amekwisha kuingiza mguu mmoja. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta kuni.

"Liache hapo nje, mwalimu," nyanya akasema.

Miaka saba tangu apate digrii kaka yangu alikuwa akingoja mtu wa nyumbani amwite hivyo. Alisimama na jiwe mikononi, akamtazama nyanya, akingoja acheke, amwite mume wangu, amtishie talaka, aseme chochote cha utani wao. Nyanya alikuwa anafungua leso kichwani, amechoka.

"Liache nje," akarudia. "Watu wa Martha wakija, watalikuta hapo."

Obadiah akaliweka chini kando ya mlango. Jioni ile nilipika kwenye jiko la mkaa la jirani, na nyanya hakula.